Madirisha ya turubai: jinsi ya kuyavua na kuyatunza mpaka kiangazi kiishe

Madirisha mengi ya plastiki ya magari yenye paa la turubai ninayoletewa nibadilishe hayakuchakaa kwa safari. Yaliharibika yakiwa yamewekwa. Mwenye gari aliyavua joto lilipoanza ili apate upepo, akayakunja, akayasukuma nyuma ya kiti au akayarundika stoo. Miezi mitatu baadaye anayafungua na kukuta mstari mweupe wa mkunjo katikati, au ukungu usiofutika. Mstari ule hautoki, na inauma kwa sababu kuuzuia ni kazi ya mchana mmoja tu.

Kwanza ujue unachokishika. Plastiki ile angavu ni PVC, ambayo kwa asili ni ngumu kama bomba la maji. Inalainishwa kwa kuchanganywa na vilainishi, na vilainishi hivyo havitulii milele: hutoka kidogo kidogo, na joto huvikimbiza. Vikipungua, dirisha linakuwa gumu, la njano, la kupasuka. Tena vikitoka huhamia kwenye chochote kilichoigusa plastiki, iwe rangi, mpira au plastiki nyingine. Ukilishika hilo, mengi ya hapa chini utayaelewa hata nisipoeleza.

Hatua ya 1: Osha kabla ya kuvua

Wengi huvua ndipo waoshe. Mimi huosha dirisha likiwa bado garini, kwa sababu hapo limevutwa likanyooka na mkono unapita bila kulikunja. Weka gari kivulini, usubiri plastiki ipoe.

Anza kwa maji matupu yanayotiririka, mengi, bila kugusa. Hayo ndiyo yanayoondoa mchanga, na mchanga ndio unaokwaruza, kitambaa kinausaidia tu. Ndiyo maana kufuta vumbi kavu kwa kitambaa kikavu ni kulipiga dirisha msasa. Kisha chukua maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya kuoshea gari na sifongo laini au kitambaa cha maikrofaiba, upitishe kwa mistari iliyonyooka, juu kwenda chini. Usizungushe mkono. Mikwaruzo ya duara hunasa mwanga wa taa za magari usiku na kuusambaza mbele ya macho yako.

Osha na upande wa ndani, maana huko kuna alama za vidole na mafuta ya ngozi ambayo yakikaa miezi kwenye joto huacha madoa.

Dawa ya kusafishia vioo iache kwenye vioo. Nyingi zina amonia au spiriti, na zote mbili huitia plastiki hii ukungu. Petroli na thina usiziguse kabisa.

Hatua ya 2: Vua kwa wakati unaofaa

Saa ya kuvua ina maana kuliko watu wanavyodhani. Alfajiri ya baridi plastiki ni ngumu na hupasuka kwenye kona, karibu na mshono. Saa sita mchana imelegea, ukiivuta inatanuka, na vidole vyako vinaacha alama. Vua ikiwa vuguvugu, kivulini.

Piga zipu mswaki wa zamani ili mchanga utoke kwenye meno yake. Shika kitambaa karibu na zipu kwa mkono mmoja, na mwingine uvute kishikio taratibu. Ikikwama, irudishe nyuma kidogo, uisafishe, ujaribu tena. Kamwe usivute kwa kushika plastiki yenyewe. Baada ya dirisha kutoka, paka meno ya zipu nta kavu au silikoni kidogo, na ufute inayomwagikia pembeni.

Kwenye turubai zisizo na zipu, kama za Jeep Wrangler JL iliyotoka na modeli ya 2018, dirisha huchomoka kwenye mfereji. Hapo cha kulinda ni ukingo mgumu unaoingia mferejini: ukipinda, dirisha halitakaa sawa tena.

Weka alama ya kushoto na kulia kwenye kitambaa cha ukingo, usiiweke kwenye plastiki.

Hatua ya 3: Kausha mpaka mishono

Plastiki hukauka kwa dakika chache, lakini mshono unatunza maji kwa saa nyingi. Tundika madirisha kivulini penye upepo, kisha ubane mshono kwa vidole viwili: ukihisi ubaridi wa unyevu, subiri. Kuvu huanzia hapo, kwenye uzi.

Yakikauka, paka dawa ya kukinga jua iliyotengenezwa kwa plastiki angavu, tabaka jembamba pande zote mbili, na uifute mpaka isibaki kuteleza.

Hatua ya 4: Laza, na utenganishe

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke. Plastiki isigusane na plastiki. Madirisha mawili yakilala uso kwa uso kwenye joto hushikana, na ukiyabandua yanaacha mabaka yenye mng'aro tofauti.

Tandika ubao mpana ulionyooka, juu yake flaneli au shuka la pamba, kisha dirisha kubwa zaidi, ambalo kwa kawaida ni la nyuma. Kisha shuka, dirisha la pembeni, shuka, dirisha la mwisho, shuka la kufunika. Shuka liwe jeupe, au lililofuliwa mara nyingi mpaka halichuji. Usiweke mzigo wowote juu yake.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilitenganisha madirisha ya mteja kwa magazeti, nikiona ni karatasi safi na laini. Tulipoyafungua, herufi za habari zilikuwa zimehamia kwenye plastiki, zikisomeka kinyume, na hakuna nilichopaka kilichozitoa. Nilimlipa dirisha jipya. Plastiki ya mapovu nayo huacha alama za duara, na karatasi ya nailoni hushikana kama dirisha na dirisha.

Tazama pia vitu viwili vidogo: kishikio cha zipu na velkro. Kishikio cha chuma kikilalia dirisha la jirani kitalichora, kwa hiyo kifunge kwa kipande cha kitambaa na uzi. Velkro yenye vile vijino vigumu ifunike na pacha wake laini, au na kitambaa.

Kama huna nafasi ya kulaza, viringisha, lakini usikunje. Tafuta bomba nene, upana wa sentimita 15 au zaidi, livishe blanketi, kisha uviringishe dirisha moja kwa legevu pamoja na flaneli yake. Funga kwa utepe wa kitambaa, siyo mpira. Mimi ningelaza chini ya kitanda kabla sijafikiria kuviringisha.

Hatua ya 5: Chagua mahali

Chumba cha ndani, kikavu, chenye kivuli. Siyo darini, siyo banda la bati, na siyo ndani ya gari lililofungwa, ambako joto la mchana wa jua kali linaweza kupita nyuzi 60. Usiweke moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, kwani inatoa unyevu.

Najua wengine mnataka kutembea nayo, mvua ikija ghafla. Basi shona mfuko wa flaneli wenye tabaka, kila dirisha na chumba chake, na ndani ya kila chumba utie ubao mwembamba usioruhusu kupinda. Usiuegemeze kwenye mabomba ya chuma ya fremu. Chuma kilichopigwa na jua huunguza plastiki inayokigusa na kuacha mstari wa kahawia. Ukifika nyumbani, mfuko uingie ndani na wewe.

Hatua ya 6: Kurudisha

Yatoe saa moja kabla, uyalaze mahali pa vuguvugu yalegee. Mawimbi madogo yatajinyoosha yenyewe. Pasi na mashine ya hewa ya moto ziache. Anza na zipu zote, sentimita chache kila moja, ndipo uzifunge mpaka mwisho. Ukifunga moja yote kwanza, upande wa pili utakosa sentimita mbili, nawe utavuta plastiki kwa nguvu, na kona itachanika.