Tasnifu: kutoka rasimu ya mwisho hadi meza ya watahini

Anza na mwongozo wa chuo chako wa mwaka huu, si nakala ya aliyemaliza kabla yako. Ushirika Moshi, Makumira, Nelson Mandela pale Tengeru: kila chuo kina wake. Pambizo ya kushoto huwa pana kuliko nyingine, mara nyingi sentimita 4, maana jalada gumu humeza upande huo.

1. Vichwa. Usivikoleze kwa mkono. Tumia "Heading 1" kwa sura na "Heading 2" kwa vifungu, ndipo Word iweze kukutengenezea yaliyomo.

2. Namba za kurasa. Hapa ndipo watu wanapokesha. Kurasa za mwanzo huwa i, ii, iii. Sura ya Kwanza huanza na 1. Weka kishale mwanzoni mwa sura hiyo, kisha "Layout", "Breaks", "Next Page". Ctrl+Enter haitoshi: hukata ukurasa tu, haianzishi sehemu mpya ("section") yenye namba zake. Halafu fungua "Format Page Numbers" na uweke "Start at" 1. Usipofanya hivyo, sura itaendeleza hesabu ya nyuma na kuanza, tuseme, na 12. Ukitaka kufuta namba kwenye jalada, zima kwanza "Link to Previous" katika sehemu inayofuata, la sivyo zitafutika zote.

3. Kusasisha na kuhifadhi. Ctrl+A huchagua maandishi yote, F9 husasisha yaliyomo na namba zake, kisha hifadhi kama PDF. Ukipeleka faili la Word steshenari, kompyuta yao ikikosa fonti yako, mistari husogea: yaliyomo yanasema 47, jedwali liko 48.

4. Utetezi. Slaidi 12 hadi 15 zinatosha kabisa kwa dakika 20. Mapitio ya maandiko yapitie haraka. Swali litatoka kwenye sampuli. Tuseme umetafiti wakulima wa kahawa wa AMCOS (vyama vya ushirika vya masoko ya mazao) za Kibosho, walio 1,200 kwa jumla, ukatumia kanuni ya Yamane ya kupata idadi ya watu wa kuwahoji, 0.05 ikiwa kiwango cha kosa unachokubali: gawanya 1,200 kwa 1 + 1,200 × 0.05², unapata 300. Ukiweka 0.1 badala ya 0.05, wanakuwa 93. Mtahini atauliza kwa nini ulichagua 0.1 na si 0.05, na "muda ulikuwa mfupi" ni jibu la kweli lakini halitoshi peke yake. Tena kanuni hiyo inadai watu wachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha. Kama uliwahoji uliowakuta gulioni, 300 yako haikukingi. Kiri hivyo mwenyewe kwenye mipaka ya utafiti kabla hujaulizwa.

5. Masahihisho. Chora jedwali la safu tatu: hoja ya mtahini, ulichofanya, ukurasa. Usipokubaliana na hoja, andika sababu, usiiruke. Safu ya ukurasa ijaze mwisho kabisa, baada ya F9 ya mwisho, kwa sababu kila aya unayoongeza inazisogeza namba zote zilizo chini yake.