Somo: Kuchagua buti, jaketi na taa pale sokoni bila kutupa hela

Habari zenu wakuu. Nimeulizwa sana na vijana wanaoanza kazi ya ugumu, yaani kubeba mizigo ya wapanda mlima, hapa Moshi, na wengine hata mlimani hawaendi, ni watu wa bodaboda na shamba wanataka tu jaketi la mvua lisilowaangusha, sasa nikaona niandike yote hapa mara moja kila mtu asome kwa nafasi yake. Mimi nimebeba mzigo Kilimanjaro miaka saba, sasa hivi ni guide msaidizi, na karibu kila ninachovaa nimekitoa kwenye mitumba.

Hatua ya kwanza: usinunue kwa macho

Buti zangu za kwanza nilinunua 25,000, zilikuwa safi kama zimetoka kwenye boksi, ngozi inang'aa, soli haijaliwa hata kidogo, nikajiona nimepata bahati ya mwaka. Tulipanda njia ya Machame, siku ya pili kabla ya kufika kambi ya Shira soli ya kulia ikabaki kwenye mawe, ya kushoto ikafuata jioni. Nilizifunga na kamba nikaenda nazo hivyo hivyo hadi tunashuka, miguu yote vidonda.

Kumbe ule usafi ndio ulikuwa shida yenyewe. Buti nyingi za mlimani katikati ya soli na ngozi zina sponji ya poliurethani, na ile kitu inazeeka kwa unyevu wa hewa tu, hata ikikaa kabatini Ulaya miaka kumi bila kuvaliwa inaoza kwa ndani pole pole, halafu ukiivaa siku mbili tatu inamomonyoka kama keki kavu. Kwahiyo buti kuonekana mpya sio dalili kwamba haina umri. Mimi sasa hivi naogopa zaidi ile inayong'aa kuliko iliyochubuka ncha.

Hatua ya pili: ipime kwa mikono, usimwonee muuzaji aibu

Shika buti, tafuta ile sponji pembeni ya kisigino, bonyeza na kucha ya dole gumba kwa nguvu. Nzuri inabonyea na kurudi. Ikiacha shimo, ikitoa unga au ikinata kidoleni, rudisha chini hata kama unapewa kwa elfu tano. Angalia vinyufa vyembamba kama nywele. Kisha kunja pale vidole vinapokunjia, tazama kama soli inaachana na ngozi.

Baada ya hapo vaa, zote mbili, na soksi nene utakazopandia, na nenda jioni maana mguu unakuwa umevimba kidogo. Piga ncha ya buti chini mara kadhaa. Kama vidole vinagusa mbele, acha. Wengi wanapima kwa kupanda tu wanasahau kushuka, na siku ya kilele ukitoka Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka unashuka kama mita 2,800 siku hiyo hiyo. Kucha zinaondoka hapo.

Hatua ya tatu: jaketi ligeuze

Nje kuna nembo, ukweli uko ndani. Jaketi la mvua la kweli kila mshono kwa ndani umebandikwa tepu nyembamba, kama hakuna tepu maji yatapita kwenye matundu ya sindano. Tepu ikiwa inabanduka, au kitambaa kinanata, au kinatoa magamba meupe ukikisugua, mpira wake umeshakufa na hakuna fundi wa kuurudisha. Omba maji kidogo umwagie begani. Yakikimbia kama kwenye jani la mgomba, safi. Yakilowesha nje tu bila kupita ndani, hilo linaweza kufufuka, fua kwa sabuni laini, suuza sana, likikauka lipitishie pasi ya uvuguvugu ukiwa umetandika kitambaa kingine juu yake.

Zipu ifungue na kuifunga mara tano ukiwa umeivuta kwa pembeni. Ikiachia nyuma ya kichwa chake, mara nyingi ni kichwa kimetanuka, unakibana taratibu na koleo. Meno yakiwa yamevunjika hapo achana nalo. Na fulana za ndani soma lebo, pamba ikilowa jasho inakuganda mwilini, tafuta sufu au polyester.

Hatua ya nne: gawa bei kwa safari

Zile buti za 25,000 zilinipa safari moja. Nilizonunua baadaye kwa 90,000 zimeenda safari 30, fundi akazishona soli mara moja kwa 15,000, yaani 3,500 kwa safari. Sasa hapo rahisi ni ipi?

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu huku Nairobi pale Gikomba zile nguo za kwanza bale ikifunguliwa zinaitwa kamera, na bei iko juu sana. Nilipe ama ningoje jioni?

Jibu: Kwa buti na jaketi la mvua lipa kaka, maana zikiwa nzuri hazifiki jioni. Lakini pima vile vile, kamera ni chaguo la macho ya muuzaji, na kucha yake haijabonyeza ile soli. Sweta na soksi za sufu ngojea tu jioni.

Swali: Kaka mimi siendi mlimani, nanunua samaki mwaloni Mwanza alfajiri, nataka taa ya kichwa. Nimeona moja betri yake imeandikwa 9900mAh, bei ndogo, nichukue?

Jibu: Dada yangu usichukue kwa sababu ya hiyo namba ya mAh, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba. Betri ya umbo lile, ile nene ya duara inayoitwa 18650, hata zile nzuri kabisa zinacheza kwenye 3500, 9900 haiwezi kuingia mle. Itoe betri uipime kwenye mizani yako ya samaki kama inasoma gramu, nzima inakuwa kama gramu 45, ukikuta 25 ujue ndani kuna uwazi. Bora taa ya betri ndogo tatu za kawaida, zinapatikana kila duka na zikiisha unabadilisha ukaendelea na kazi. Tafuta yenye maandishi IPX4 angalau, hiyo inastahimili maji ya kurushiwa.

Swali: Slipingi bagi, begi la kulalia, limeandikwa nyuzi hasi 20, litanitosha Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele?

Jibu: Angalia ni hasi 20 ya mstari upi. Mara nyingi namba kubwa ni ya mwisho kabisa, ile ya kutokufa kwa baridi, sio ya kulala. Soma iliyoandikwa Comfort, hiyo ndiyo ya usingizi. Halafu liinue juani, ukiona mwanga unapita sehemu manyoya yamekimbia, baridi itaingia hapo hapo.

Swali: Bro mimi ndio naanza ugumu mwezi wa sita, sina hata hiyo elfu 90.

Jibu: Mdogo wangu usipande na raba, na usikope kwa riba. Nenda Kilimanjaro Porters Assistance Project hapa Moshi, wanaazimisha wagumu nguo na buti bure, unarudisha ukishuka. Nenda mapema kabla msimu haujachanganya, saizi za kati zinaisha haraka, na hata hizo za kuazima bonyeza kisigino kwanza.