Somo: Namna ya kulinganisha mashine za DTG kabla ya kununua, kwa wachapaji wa fulana wa Dodoma

Habari zenu wanachama. Swali la "ninunue mashine gani ya kuchapa fulana" limeulizwa humu mara nyingi kiasi kwamba majibu yangu yameanza kufanana neno kwa neno, hivyo nimeyaweka yote hapa ili atakayeuliza tena aelekezwe kwenye somo hili. Ninazungumzia mashine za DTG, yaani zile zinazonyunyizia wino moja kwa moja juu ya kitambaa. Skrini (kupitisha rangi kwenye wavu) na vinyli (kukata plastiki na kuibandika) vina masomo yake.

Hatua ya kwanza. Zitazame oda zako. Ikiwa wateja wako wengi huagiza fulana mia mbili zenye nembo ya rangi moja, kwa mfano za mahafali au za Nanenane pale Nzuguni, baki na skrini; DTG inalipa pale ambapo oda ni ndogo na picha ina rangi nyingi.

Hatua ya pili. Hakikisha unaweza kupata fulana za pamba tupu, kwa sababu wino huu haushiki vizuri kwenye polista.

Hatua ya tatu. Zigawe mashine katika makundi kabla ya kuuliza bei. Kundi la kwanza ni zile zilizoundwa kiwandani kwa kazi hii zikiwa na wino mweupe, kama vile Epson SureColor F2100, Brother GTX na Ricoh Ri 1000. Kundi la pili ni zile zisizo na wino mweupe, mfano wake ukiwa Ricoh Ri 100, ambayo inafaa kwa fulana nyeupe na za rangi hafifu pekee. Kundi la tatu ni printa za kawaida za picha zilizobadilishwa na mafundi, hasa Epson L1800, ambayo ina njia sita za wino: nne hubaki za rangi na mbili hupewa wino mweupe. Kundi hili ndilo la bei rahisi kuliko yote, na ndilo wengi wenu mnalolitamani.

Hatua ya nne. Hapa ndipo hedi yangu ya kwanza (kichwa cha mashine kinachotoa wino) ilipokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Weupe wa wino mweupe unatokana na titani dioksaidi, unga mzito ambao hauelei ndani ya kimiminika bali huzama, kama chokaa inavyojikusanya chini ya ndoo ya mpaka rangi. Wino usipotikiswa, unga hukaa kwenye mirija na kuziba matundu ya hedi. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji si kasi wala ukubwa wa picha, bali ni jinsi mashine inavyouzungusha wino mweupe inapokuwa haifanyi kazi. Brother GTX huuzungusha yenyewe. Epson F2100 hukudai uitikise katriji ya wino mweupe kila siku. L1800 haikuundwa kwa wino huo kabisa, hivyo usipofungiwa pampu ya kuuzungusha, mtikisaji ni wewe, Jumapili ikiwemo. Ongeza juu ya hayo hewa yetu. Kuanzia Mei hadi Oktoba Dodoma haina mvua ya kutajika, na mchana wa Septemba au Oktoba unyevu hushuka chini ya ule wa asilimia 40 hivi ambao mashine hizi huuhitaji, hivyo wino huweza kukauka kwenye hedi wakati kazi ikiendelea. Nunua kipima unyevu kabla ya kununua mashine. Usielekeze feni kwenye mashine, usiiweke karibu na dirisha linaloingiza vumbi, na usikubali kamwe kuiendesha bila UPS (betri ya akiba): umeme ukikatika katikati ya kuchapa, hedi hubaki nje ya kifuniko chake, na ukichelewa kurudi utaikuta imekauka.

Hatua ya tano. Nenda kwa muuzaji na fulana yako mwenyewe nyeusi, ichapwe ukiwa umesimama pale, kisha ukaifue nyumbani mara kadhaa kabla ya kulipa chochote. Sampuli iliyotundikwa ukutani haithibitishi kitu.

Hatua ya sita. Piga hesabu ya fulana moja, si ya mashine. Tuseme lita moja ya wino inauzwa shilingi 150,000. Hapo mililita moja ni shilingi 150, na fulana nyeusi ikinywa mililita 12 umetumia shilingi 1,800 za wino pekee. Ongeza dawa ya kupulizia kabla ya kuchapa, umeme, na wino unaomwagika kila asubuhi wakati wa kusafisha hedi. Huo wa mwisho husahaulika, nao ndio unaomla mwenye oda chache.

Hatua ya saba. Hitipresi, yaani mashine ya kubana fulana kwa joto, inanunuliwa kando. Iingize kwenye bajeti.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nkuhungu: Mkuu, kwa kifupi, ipi nzuri na bei gani?

Jibu: Ndugu, soma hatua ya kwanza na ya tatu, kisha urudi na idadi ya oda zako kwa mwezi.

Mwanachama wa Ipagala: Shikamoo kaka. Kwa nini fulana nyeusi inahitaji dawa kabla ya kuchapwa, na kwa nini yangu imebaki na alama ya pembe nne kuizunguka picha?

Jibu: Marahaba dada, hilo ni swali zuri. Dawa hiyo ina chumvi ambazo hufanya wino mweupe ugande mara tu unapogusa kitambaa, ukabaki juu badala ya kunywewa na nyuzi. Bila dawa, weupe hugeuka kijivu. Alama unayoiona kwa kawaida hutokana na dawa kuwa nyingi au kutokaushwa sawasawa. Punguza kiasi, ipulizie kwa usawa, kisha uibane kwa hitipresi juu ya karatasi maalumu hadi mvuke uishe. Ikiwa dawa yako ni ya kuchanganywa, tumia maji yaliyotoneshwa (distilled water), kwa sababu maji ya visima vyetu yana chumvi zake na yatakuharibia kipimo.

Mwanachama wa Kizota: Nina L1800. Nilisafiri wiki tatu, nimerudi nyeupe haitoki. Nimesafisha hedi mara kumi, bado. Nadhani mashine hizi ni mbovu tu.

Jibu: Mashine si mbovu, iliachwa wiki tatu na wino mweupe ndani, jambo ambalo hatua ya nne imelikataza. Acha kusafisha mfululizo, unamaliza wino na kujaza sponji la taka. Weka kitambaa kisichotoa nyuzi chenye dawa ya kusafishia hedi chini ya hedi, kiache usiku kucha, kisha ujaribu mara moja. Usitumie spiriti wala maji ya bomba. Safari nyingine, toa wino mweupe na ujaze dawa ya kusafishia kwenye njia zake kabla ya kuondoka.

Mwanachama wa Chang'ombe: Je, si bora kwenda DTF moja kwa moja?

Jibu: Kwa wengi, huenda ndiyo. DTF huchapa kwenye filamu, unga wa gundi huyeyushwa juu yake, kisha picha hubanwa kwenye nguo yoyote, hata polista, bila dawa ya kupulizia. Hasara yake ni kwamba picha kubwa huwa tabaka lisilopitisha hewa, na kwa jua letu mvaaji atalalamika. Hata hivyo usidhani umekimbia hatua ya nne, kwani DTF nayo hutumia wino mweupe wenye unga uleule wa titani dioksaidi.

Mwanachama wa Ipagala: Ahsante kaka, nimeelewa. UPS niinunue ya ukubwa gani?

Jibu: Ya kuitosha printa na kompyuta kwa dakika chache, umalize fulana iliyopo kwenye kitanda cha mashine na hedi irudi kwenye kifuniko. Hitipresi usiichomeke humo, maana huvuta wati elfu moja na zaidi, na UPS ndogo itazima papo hapo pamoja na printa yako.