Gari Linaendelea Kuchemsha Baada ya Kubadilishiwa Rejeta na Pampu: Pa Kuanzia Kutafuta

Mwenye gari aliyekwisha kulipia rejeta mpya, pampu ya maji na themostati (valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata joto), kisha akatoka Dodoma kuelekea Morogoro na kuuona mshale wa joto ukipanda tena kabla hajafika Kibaigwa, hushawishika kununua kipuri kingine. Ushauri wangu ni kwamba asinunue chochote mpaka ajue gari linachemsha katika hali gani, kwa sababu sehemu kubwa ya magari yanayochemsha baada ya matengenezo huwa na kasoro iliyotokana na kazi yenyewe, au na ugonjwa wa zamani ambao vipuri vile havikuugusa.

Kabla ya hatua yoyote, injini iachwe ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa kizito, kwa maana maji yaliyo chini ya shinikizo hulipuka kuwa mvuke mara tu kinapolegezwa.

Mshukiwa wa kwanza ni hewa. Mfumo unapomwagwa maji na kujazwa upya, hewa hujifungia katika sehemu za juu za injini na kwenye mabomba ya hita, na pampu haiwezi kuisukuma hewa kama inavyosukuma maji. Dalili yake ni mshale unaopanda na kushuka ghafla, au hita inayopuliza hewa baridi ilhali injini ina joto kali. Ili kuitoa, gari liegeshwe pua ikiwa juu kidogo, hita iwekwe kwenye joto la mwisho, na maji yamiminwe polepole huku mipira ya rejeta ikiminywa kwa mkono. Kama injini ina skrubu ya kutolea hewa, ilegezwe mpaka maji yatoke bila mapovu. Baada ya hapo injini iliyo baridi iwashwe kifuniko kikiwa wazi, isubiriwe mpaka themostati ifunguke, jambo linalojulikana pale mpira uliokuwa baridi unapopata joto, na maji yaongezwe kadiri yanavyoshuka. Yakianza kupanda na kutaka kumwagika, injini izimwe. Themostati nyingi zina kitundu chenye kipini kidogo cha kupitisha hewa, nacho hutakiwa kukaa upande wa juu. Fundi aliyekigeuzia chini amejiongezea kazi.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kwa sababu ni cha bei ndogo, lakini hapa Dodoma kina uzito wa pekee. Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Feni za umeme za magari mengi husubiri joto lifike kati ya nyuzi 90 na 100 ndipo ziwake. Maana yake ni kwamba gari lenye kifuniko kilicholegea linaweza kuchemsha kabla feni haijaitwa kazini, wakati kifuniko kizima cha kipimo cha shinikizo cha 1.1 husogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Kipimo hicho huandikwa juu ya kifuniko chenyewe, na kinapaswa kulingana na kile kilichotajwa na mtengenezaji wa gari.

Hewa ikiwa imetoka na kifuniko ni kizima, mwenye gari aangalie ni wakati gani linachemsha. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia lina tatizo la feni: fyuzi, rilei, sensa, au kava la feni ambalo halikurudishwa. Feni ya umeme iliyounganishwa nyaya kinyume huzunguka kinyume pia, na kosa hilo halionekani kwa kutazama tu. Karatasi nyepesi ikiwekwa mbele ya rejeta inapaswa kuvutwa na kunata. Gari linalotulia mjini lakini likachemsha kwenye mpando wa Nyang'oro, ukitoka Mtera kwenda Iringa, linapungukiwa na mzunguko wa maji au na uwezo wa rejeta kutoa joto. Hapo ukaguzi uanze na mkanda wa pampu, na mpira wa chini wa rejeta, ambao ukiwa laini hunywea injini inapokimbia na kuziba njia. Upande wa hewa nao usisahauliwe: vumbi la kiangazi hujikusanya katikati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, mahali pasipoonekana kwa mbele, na rejeta mpya iliyofungwa nyuma ya kondensa iliyoziba haina la kufanya. Maji ya kuoshea yapigwe kwa nguvu ndogo kutoka upande wa injini, vinginevyo mapezi, yaani vibati vyembamba vya rejeta, yatalala.

Wapo wanaomaliza ubishi kwa kuitoa themostati. Sikubaliani nao, kwani katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato, na ikiondolewa sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita katika rejeta. Ni bora kuipima kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto: iliyoandikwa 82, yaani nyuzi 82, inapaswa kuanza kufunguka muda mrefu kabla ya maji kuchemka.

Gari lililowahi kuchemsha vibaya kabla ya matengenezo lishukiwe gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta hata baada ya hewa kutolewa, mipira inayokuwa migumu dakika chache baada ya kuwasha injini baridi, maji yanayopungua bila kuvuja na moshi mweupe usiokwisha vyote vinaelekeza huko. Fundi mwenye dawa ya buluu ya kupimia gesi ya moshi ndani ya rejeta atatoa jibu kabla hedi haijafunguliwa.

Kwa kujaza, maji ya visima yenye chumvi yaachwe, maana huacha magadi ndani ya rejeta. Itumike kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Gari lijaribiwe kwanza hadi Ihumwa, pembezoni mwa Dodoma, na kurudi, na kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, kiwango cha maji kikaguliwe tena, kwa kuwa hewa iliyosalia hutoka katika safari hiyo na kuacha nafasi ya kujazwa.