Kushona blanketi la viraka kwa mkono: kwa fremu au mapajani?

Juni ikifika na baridi ya Tabora ikaanza kuuma usiku, mabinti ninaowafundisha barazani huniuliza lilelile: "Mama, hii nishone na fremu au bila fremu?" Fremu ni duara la kubania kitambaa. Nawajibu kwamba kinachoshika kazi ni bandi, mishono mirefu ya muda inayoshikilia tabaka zisiteleze. Fremu inausaidia tu mkono ambao haujazoea.

1. Fua vitambaa. Kitenge kipya kina wanga, sindano inapita kwa tabu, na chekundu huchuja. Niliwahi kuona uvivu kufua. Blanketi la mtoto likatoka kwenye beseni na marekani yake nyeupe imeota madoa ya waridi. Fua, anika, piga pasi.

2. Tandika tabaka tatu mkekani. Chini marekani, katikati pamba au blanketi jepesi la zamani, juu viraka ulivyokwisha kuunganisha. Mimi napendelea blanketi kwa sababu halijikusanyi mabonge likifuliwa. Tabaka mbili za chini zizidi inchi 2 kila upande.

3. Piga bandi. Hapa usiwe na haraka. Tumia uzi wa rangi inayoonekana, mishono mirefu, ukianzia katikati kwenda ukingoni. Mstari na mstari uachane upana wa kiganja. Kama hutatumia fremu, punguza nafasi hiyo iwe nusu. Ukisugua kwa mkono na tabaka zikateleza, ongeza mistari.

4. Chora mistari utakayoifuata kushona, kwa kipande cha sabuni kilichokwisha kikawa chembamba. Kinafutika kwa maji.

5. Andaa uzi. Uzi wa pamba, urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko. Ukiwa mrefu zaidi unajisokota. Upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili. Kwa sisi wa Tabora nta si shida, waulize wauza asali. Sindano iwe fupi, namba 9 au 10 (namba ikipanda, sindano inakuwa ndogo). Subana, kile kikofia cha kusukumia sindano, ivae kidole cha kati.

Piga fundo dogo. Chomeka sindano juu, inchi moja kabla ya mstari, ipite ndani ya pamba bila kugusa marekani, itokeze mstari unapoanzia. Vuta taratibu. Fundo likigota juu ya kitambaa, kaza kidogo tu: litadunda na kuzama ndani.

6. Ukitumia fremu, anzia katikati ya blanketi. Usiikaze kama ngoma! Kitambaa kibonyee ukikigusa. Mkono wa chini haushiki sindano, unaisubiri. Kidole kikihisi ncha tu, kisukume kitambaa juu kama kichuguu kidogo, wakati huohuo laza sindano na uisukume kwa subana mpaka ncha ichungulie. Isimamishe tena, rudia. Ikishapakia mishono mitatu au minne, ndipo uvute uzi. Jioni vua fremu, maana ikikaa siku nyingi inaacha alama ya duara.

7. Bila fremu, kazi inakaa mapajani. Shika kitambaa kati ya gumba na kidole cha shahada. Sindano itulie, kitambaa ndicho kinachopanda na kushuka. Ni haraka zaidi, na unafika pembeni ambako fremu haishiki. Ubaya wake ni kuvuta uzi kupita kiasi. Kila ukimaliza mstari, pitisha gumba juu ya mishono uilaze, kisha geuza utazame marekani. Ukiona mikunjo, fumua palepale.

Usishindane na mtu kwa udogo wa mshono. Mishono 6 kwa inchi inatosha kuanzia, mradi ilingane juu na chini. Na bandi usiitoe mpaka mstari wa mwisho, hata kama inakukera macho.