Vespa ya zamani imelala? Fungua injini mwenyewe, ila usiishie kwenye pistoni

Hii Vespa ninayoizungumza ni PX 150 ya marehemu ami yangu, ilikaa chini ya ngazi hapa Jang'ombe, Unguja, miaka na miaka, imefunikwa viroba vya mchele na kuku wanalala juu ya kiti. Kabla haijalazwa ilishafunguliwa na mafundi mara tatu, na mara zote tatu ilibadilishwa pistoni na ringi, inatembea miezi miwili mitatu vizuri kisha inajam tena njiani, ami mwenyewe mwisho akasema basi hii ina jini wake. Jini nikaja kumkuta mie nilipoifungua mpaka katikati: oili sili ya upande wa magneti (lile gurudumu la sumaku linalotoa umeme) imekauka kama ganda la muhogo.

Ndo maana naandika. Ukitaka kuihuisha injini kama hii nyumbani usifungue nusu, kwa sababu juu pale kwenye pistoni ndo panapoonekana maradhi lakini maradhi yenyewe mara nyingi yapo chini.

Kwa asojua, injini hii ni tu-stroki, haina vali kule juu kwenye kichwa. Petroli na oili vinapita kwanza chini kwenye chumba cha krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) ndo vinasukumwa kupanda silinda, kwa hiyo chumba kile lazima kizibe kisawasawa, na kila upande krenki inapotokea pana raba ya duara, hiyo ndo oili sili. Ya upande wa magneti ikichoka injini inavuta hewa ya pembeni, mafuta yanakuwa machache mno kwa hewa iliyoingia, joto linapanda, pistoni inavimba na kunata kwenye silinda. Dalili yake utaiona mapema ukiwa makini, umeachia moto (ule mkono wa kuongezea mwendo) na injini bado inapiga makelele yenyewe haitaki kushuka. Ya upande wa klachi ikichoka ni kinyume chake, inanyonya oili ya gia, moshi mweupe mpaka majirani wanafunga madirisha, na ukichomoa oili ya gia ukainusa inanukia petroli. Sasa weka juu ya hayo hewa yetu ya chumvi na miaka ya kulala, raba itapona vipi.

Vifaa havitishi. Spana za kawaida, pula ya kuchomolea magneti, spana maalum ya nati ya klachi (hizi mbili azima kwa fundi, usijaribu na tindo), nyundo ya mpira, filagaji (vile vibati vya kupimia uwazi mdogo), na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ukiipata. Trei za mayai mbili tatu za kuwekea bolti, kila shimo andika kwa makapeni zimetoka wapi. Na simu, piga picha kila hatua hata ukiona ni upuuzi, maana wiki ya pili hukumbuki tena waya gani wa gia ulikuwa juu.

Kabla hujaishusha injini, legeza nati ya ekseli ya tairi la nyuma. Ichomoe pini yake ya kuzuia, mwite mtu akae juu ya Vespa akanyage breki kwa nguvu zote, nawe uvute spana. Ukishaishusha injini chini hiyo nati utazunguka nayo uwanja mzima. Kisha waya wa breki, wa klachi, waya mbili za gia, za moto na choki, mpira wa petroli, soketi za waya za umeme, bolti ya shokapu, na mwisho kabisa ile bolti ndefu inayoshika injini na bodi.

Hiyo bolti ndefu hapa kwetu ndo mtihani wenyewe. Chumvi inaingia, chuma kinashikana na bushi yake, unapiga mpaka mkono unakufa ganzi. Mie niliivamia kwa nyundo kubwa siku ya kwanza, thredi zikafumuka kama uyoga, bolti ikakataa kutoka mbele na nyuma, ikabidi kukata kwa msumeno. Usifanye hivyo. Mwagia dizeli iliochanganywa na oili pande zote mbili, asubuhi na jioni, uiache siku tatu nne, na siku ya kupiga iache nati mwishoni mwa thredi iwe sawa na ncha ya bolti ili nyundo ipige nati. Na unazungusha kwanza kwa spana upande wa kichwa, ikishazunguka tu ushamaliza.

Injini ikishakuwa juu ya meza ioshe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani kabla hujafungua kitu, mchanga wa nje usije ukaingia ndani. Ndimu na siki tumia kwenye bolti za chuma za kutu lakini usiloweke bodi ya injini humo, ni aluminiamu, italika.

Sasa toa kabureta na sanduku lake, kava la feni, eksozi, kichwa, kisha silinda ivute taratibu huku umejaza kitambaa kisafi chini ya pistoni, kwa sababu vile viklipu vya pini ya pistoni vinaruka kama panzi na vikidondoka ndani ya krenki utasaka mpaka magharibi. Magneti kwa pula. Ile sahani ya koili iliyo nyuma yake chora mstari na msumari kati yake na bodi kabla hujalegeza skurubu, mstari huo ndo taiming yako (wakati wa cheche kupiga), ukirudisha unafatisha mstari tu. Kisha klachi, kisha habu ya nyuma, halafu bolti zote zinazounganisha vipande viwili vya bodi.

Hapa ndo wengi wanaharibu. Vipande havitaki kuachana, mtu anachukua bisibisi bapa anaingiza kwenye mshono anakwangua. Yakhe, ule mshono ndo unaozuia hewa! Na ndani mle pana sehemu laini ya duara ambapo krenki yenyewe inapita kwa karibu mno na kufanya kazi ya mlango wa mafuta, mkwaruzo mmoja pale na bodi nzima imeingia hasara. Gonga kwa nyundo ya mpira kuzunguka, sukuma ncha ya krenki kwa kipande cha mti, vitaachana wenyewe. Zikitoka gia angalia vijiti vidogo vya beringi visimwagike, vihesabu.

Beringi na sili zote badilisha, hata ile ndogo ya habu ya nyuma inayomwaga oili kwenye breki. Kwenye sili usibane pesa, chukua za viton, aina ya raba ngumu, mara nyingi rangi yake ni kahawia, zinavumilia joto na petroli. Mie nilizungukia Darajani na Mwanakwerekwe, zilizokosekana nikaagiza Kariakoo zikaja na boti. Spea za LML, skuta za India, nyingi zinaingia kwenye PX maana walizitengeneza kwa ramani ile ile, ila nenda na ya zamani mkononi ulinganishe. Na kabla hujafurahia sili mpya, pitisha ukucha kwenye shingo ya krenki pale sili inapokaa. Kutu kidogo isugue kwa msasa laini namba 1000 wenye oili, kwa kuzungusha, si kwa urefu. Ukucha ukinasa kwenye shimo, krenki hiyo itaitafuna sili mpya mwezi mmoja, tafuta nyingine.

Kuingiza beringi usipige. Beringi zilale friza usiku mzima, bodi ipashe moto kwenye oveni kiasi cha digrii 100, ukidondosha tone la maji likachemka inatosha, beringi inazama yenyewe kwa kidole. Mama anauza barafu za ukwaju, asubuhi mtoto wa jirani kaja na shilingi zake kapewa beringi iliyofungwa mfuko wa nailoni, mpaka leo nasemwa. Iandike basi.

Silinda: nunua pistoni kwanza ndo upeleke silinda kwa fundi wa lathi, achonge kwa kufata pistoni uliyomkabidhi, si kwa kukisia. Ya kiwanda ni milimita 57.8, zinazofuata zinapanda kwa 0.2. Silinda ikirudi ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, petroli peke yake haitoi ule unga wa kuchongea. Kisha iingize ringi peke yake ndani ya silinda, isawazishe kwa kuisukuma na pistoni, pima uwazi wa ncha kwa filagaji, 0.2 mpaka 0.35 mm ni sawa. Mshale juu ya pistoni unaelekea eksozi, na ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake, ukizipotosha zinavunjika.

Kama gia ilikuwa inaruka, badilisha ule msalaba wa gia (kile kichuma cha mikono minne kinachoshika gia) wakati umeshafungua. Kabureta hewa na mswaki tu, usichokoe jeti (vile vitundu vya kupitishia petroli) kwa waya.

Kukaza: nati za kichwa kwa mshazari, kidogo kidogo, mpaka 15 Nm hivi (kipimo cha toki renchi). Klachi 40 mpaka 45, magneti 60 mpaka 65.

Lakini kabla ya kurudisha magneti fanya jaribio hili, mafundi wengi hawalifanyi. Ziba tundu la eksozi na la kabureta kwa raba ya tyubu ya baskeli, pistoni iwe chini kabisa, kisha pampu ya baskeli kwenye tundu la plagi, pampu mbili taratibu, usizidishe sili zitachomoka. Paka povu la sabuni kwenye sili ya magneti, kwenye mshono, chini ya silinda. Sili ya klachi huioni, kwa hiyo weka povu kwenye tundu la kutilia oili ya gia, likivimba hewa inapita huko. Povu likichemka popote, fungua tena saa hiyo hiyo, hasira za leo ni nafuu.

Povu likinyamaza, rudisha vyote, tia oili ya gia SAE 30 kiasi cha mililita 250. Petroli changanya na oili ya tu-stroki asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita, na tangi la kwanza mie huzidisha kidogo mpaka 3. Kama yako ina tangi lake la oili na pampu, tangi la kwanza changanya vilevile, usiiamini pampu iliyolala miaka. Piga kiki mara kumi bila ya plagi, kisha tia plagi, uwazi wake 0.6 mm.

Ya ami iliwaka kiki ya saba, moshi ukajaa uchochoro, kuku wote wakahama.

Kilomita 500 za mwanzo usivute moto mpaka mwisho na usiende mwendo mmoja mrefu. Mjini mpaka Bububu na kurudi, ipumzike, ikipoa kabisa kaza tena nati za kichwa. Nungwi isubiri. Ukirudi chomoa plagi uitazame, ikiwa rangi ya biskuti uko salama, ikiwa nyeupe kama chokaa izime hapo hapo urudi kwenye pampu na povu la sabuni.