Mnyamapori mgonjwa amesogea nyumbani: la kufanya kabla daktari hajafika

Haya ni kwa walio jirani na hifadhi na mapori ya akiba. Kumtibu si kazi yenu. Kazi yenu ni kuzuia watu, mbwa na ng'ombe wasimguse, na kuhakikisha mtaalamu anamkuta.

1. Funga mbwa. Kabla ya kitu kingine chochote. Kisha watoto ndani, kisha mifugo zizini.

2. Mtazame kwa mbali. Tumia kamera ya simu kumvuta karibu. Mbweha, nguchiro au paka pori anayezurura mchana kweupe bila kuogopa watu, udenda unamtoka, taya limelegea, miguu ya nyuma inapepesuka: mchukulie kuwa ana kichaa cha mbwa. Kuna magonjwa mengine yanayofanana nacho. Msibishane, tahadhari ni zile zile. Nyegere hana woga hata akiwa mzima, kwa hiyo kwake ujasiri peke yake si dalili. Na mtoto wa digidigi aliyejikunyata kichakani peke yake kwa kawaida si mgonjwa. Mama yake yuko malishoni, mwacheni.

Swala au pundamilia mwenye waya wa mtego asikimbizwe. Mnyama akifukuzwa sana misuli yake huharibika, naye anaweza kufa siku chache baadaye hata kama waya ulitolewa salama. Msikate waya na kuacha kitanzi shingoni. Ataondoka nacho na kumpata tena ni shida. Aliyelala hoi msimmiminie maji wala maziwa mdomoni, yataingia mapafuni.

3. Piga simu. Mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, au moja kwa moja afisa wanyamapori wa wilaya. Kenya ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Taja aina ya mnyama, amelala au anatembea kuelekea wapi, na amegusana na nani. "Karibu na mbuyu mkubwa" hakumfikishi daktari: tuma lokesheni kwa WhatsApp, na mtu mmoja asimame barabarani. Video ya sekunde 20 inamsaidia kuliko maelezo marefu.

4. Akifa kabla hawajafika. Hapa ndipo vijiji huumia, maana visu hutoka haraka kuliko simu. Mla nyasi aliyekufa ghafla, tumbo limejaa upesi, mwili haukukakamaa vizuri, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, hesabuni ni kimeta (anthrax). Nyati zaidi ya 100 walikufa kwa ugonjwa huo Ziwa Nakuru mwaka 2015. Damu isipoonekana pia msijipe moyo, si kila mzoga wa kimeta hutoa damu.

Msipasue. Sababu ni hii: ndani ya mzoga uliofungika hakuna hewa, na bakteria wengi wa kimeta hufa kadiri mwili unavyooza. Mkipasua, wanapata oksijeni na kujigeuza spora, yaani umbo gumu la bakteria lililolala, na spora hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri ng'ombe wenu. Kuchemsha nyama si kinga; anayechuna anaweza kuwa ameshaambukizwa kabla sufuria haijafika motoni. Kwenye ngozi huanza kama kipele kinachowasha, kisha kidonda chenye kigaga cheusi katikati, mara nyingi bila maumivu. Hapo ni hospitali, na useme uligusa mzoga. Dawa zipo.

Fisi na tumbusi nao hupasua. Funikeni kwa turubai, juu yake rundo la matawi ya miiba, pembeni mawe. Miiba peke yake haitoshi: ndege hupenya. Msiburute mzoga, kila unapopita unamwaga damu yenye ugonjwa. Mlinzi akae upande upepo unakotoka, asikaribie.

Kuchukua sampuli na kuuteketeza ni kazi ya afisa mifugo na watu wake. Kuchoma vizuri ndiko bora, ila kunataka kuni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mzoga uliobabuka nje tu ni hatari ileile. Kama ni kuzika, shimo lifike mita 2, mbali na kisima na mkondo wa maji, na udongo uliolowa damu uingie humo humo. Chokaa wengi hupenda kumwaga. Mimi siitaki kwenye kimeta, kwa kuwa kalsiamu inashukiwa kusaidia spora kudumu.

Mkikuta tumbusi wamekufa kando ya mzoga, fikirieni sumu. Msiguse chochote, hata manyoya.

5. Mtu akiwa ameng'atwa au kukwaruzwa. Hii haisubiri zamu yake. Osha kidonda dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia, kwa sabuni na maji yanayotiririka: mmoja anamimina kwa jagi, mwingine anaosha. Sabuni ya mche inatosha kabisa. Kisha iodini au spiriti. Hakuna pilipili, mafuta ya taa wala kufunga kidonda kwa nguvu. Siku hiyo hiyo nendeni kituo chenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Sindano hurudiwa siku ya 3 na ya 7, na nyingine kulingana na ratiba ya kituo. Kidonda kikitoa damu ulizeni pia kuhusu imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari za kichaa cha mbwa.

Ile kanuni ya kumchunga mnyama aliyeng'ata siku 10, kuona kama ataugua, ni ya mbwa na paka wa nyumbani tu. Mbweha hachungwi. Akiuawa, kichwa kisipondwe, maana kipimo hufanywa kwenye ubongo.

Ng'ombe au mbwa aliyeng'atwa atengwe, aandikwe, na afisa mifugo aambiwe leo.